Ndege mweusi anayewinda popo wakati wa magharibi, bonde la Mkulumuzi: ni mwewe gani?

Kiomoni_2

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kumtambua ndege. Upande wa mapango ya Amboni hapa Tanga, jua likishazama na popo wakaanza kumiminika, hutokea ndege mweusi. Urefu wake ni kama wa kunguru, ila mabawa ni marefu mno na yamechongoka. Anapanda juu ya msafara wa popo, anapiga mabawa kwa nguvu mara tatu nne, ananyoosha miguu mbele, halafu anainamisha kichwa kuelekea kwenye kucha zake, huku bado anaruka. Hatui popote, hakuna kinachoanguka, na punde yuko nyuma ya popo mwingine. Kabla ya isha ameshapotea.

Ni nani huyu? Na popo ana ile sauti yake ya kupimia njia gizani, sasa inakuwaje anashikwa kirahisi hivyo? La tatu ndilo lenye fitina: kuna mbuyu karibu na hapo, chini pamejaa vinyesi vyeupe, na watu wanasema ndege anayekaa kwenye mbuyu huo ndiye mla vifaranga wa mtaa, kwa hiyo matawi yakatwe. Ni kweli? Mwenye kujua namna ya kumtazama vizuri naye aseme, maana giza linaingia kabla hujajua darubini uielekeze wapi.

DarubiniYaPwani

Hapo uliposema anainamisha kichwa kuelekea kwenye kucha umeshajijibu, mkuu. Huyo ni mwewe wa popo, kwa jina la kisayansi Macheiramphus alcinus. Katika jenasi yake, yaani kundi lake la karibu kisayansi, yuko peke yake. Yupo Afrika kusini mwa Sahara, kisha anaibuka tena mbali huko, kuanzia rasi ya Malaya na Borneo hadi New Guinea. Wa kwetu ni nususpishi (tawi ndani ya spishi) anderssoni, jina la Charles John Andersson, Msweden aliyesafiri nchi ambayo leo ni Namibia. Jina moja la Kiswahili usilihangaikie sana. Pwani kila mwenye kucha ni mwewe au kipanga, na huyu watu wengi hawajawahi kumpa jina kwa sababu mchana hawamwoni.

Urefu ni sentimita 45 hivi, mabawa yakikunjuliwa yanapita mita moja, uzito gramu 600 na ushei. Rangi ni kahawia nzito inayosomeka kama nyeusi. Ana weupe kooni wenye mstari mweusi katikati, na jicho kubwa la njano. Kope zake ni nyeupe, hivyo akisinzia mtini mchana unaona vidoa viwili vyeupe kwenye majani na kudhani ni macho yaliyo wazi. Lakini kwa saa unayomwona wewe, koo na jicho visahau. Utambue kwa umbo: mabawa mapana yanapoungana na mwili, yakisogea nje yanachongoka kama ya kozi, yule ndege mwindaji mwenye kasi.

Sasa mdomo, maana siri yote iko hapo. Ukimwona kwa karibu utadhani amepewa mdomo wa ndege mdogo: mfupi, mwembamba, hauna ubavu wa kuchana nyama kama wa tai. Lakini pembe za kinywa zimekwenda nyuma hadi chini ya macho. Akiuachama, ni uwazi mpana kama wa teleka, yule anayefanana na mbayuwayu, au wa wale ndege wa usiku wanaolala barabarani macho yakang'aa kwenye taa za gari. Anakamata kwa mguu, mguu unakwenda mdomoni, popo anamezwa mzima na mabawa yake, mwewe yuko hewani bado. Sekunde chache tu. Vidole ni virefu na vyembamba, kucha kama sindano. Ni miguu ya kunasa kitu chepesi kinachokwepa. Kubeba mzigo si kazi yake.

Kwa nini ajisumbue kula akiruka? Kwa sababu ya saa. Mawindo yake hutoka kwa wingi kwa muda usiofika nusu saa, na mwanga wa kuwaonea ni wa muda huohuo. Kozi akikamata njiwa ana mchana kutwa wa kukaa tawini kunyonyoa. Huyu akitua kwa kila popo, msafara unamwisha akiwa ameshika mmoja. Popo wadogo wa gramu 15, watano kwa jioni, ni gramu 75 tu za chakula. Hesabu mwenyewe anahitaji kurudia shambulio mara ngapi, na hapo bado hujatoa anaowakosa. Akipata mkubwa asiyemezeka, ndipo humwona akiondoka naye kwenda tawini kumrarua.

TelekaMweusi

Nakubaliana na Darubini, ila kwa tahadhari. Si kila kinachofukuza popo magharibi ni huyo. Jamii ya kozi nao wanajua kwamba popo ni chakula, na mwambao huu unapitiwa na wageni. Kuanzia Oktoba hadi Desemba hupita Falco concolor, kozi wa kijivu aendaye Madagaska, na hupenda sana kuwinda jua likizama. Msimu huohuo yupo Falco subbuteo kutoka Ulaya na Asia, ambaye huonekana tena Machi na Aprili akirejea kwao. Wakaazi wapo pia, kama Falco peregrinus.

Tofauti yake ni hii. Hao wawili wa kwanza ni wadogo, sentimita 30 hadi 38, mabawa yao ni membamba kuanzia mwilini hadi nchani kama mundu. Falco peregrinus anaweza kulingana urefu na mwewe wa popo, ila ni mnene kifuani na hushuka kutoka juu kama jiwe. Mwewe wa popo hashuki hivyo. Anafukuza akitokea nyuma na juu kidogo, mapigo ya mabawa yake ni ya taratibu mpaka anapoamua, ndipo anaongeza kasi ghafla. Na kozi akishakamata huuma shingo, kisha huchana vipande kwa mdomo. Ukiona vipande vya mabawa vinadondoka kama karatasi, huyo ni kozi. Kisipodondoka kitu, ni mwewe wa popo.

Kwa hiyo Kiomoni, hebu taja mwezi. Kama unamwona Juni na Julai pia, wale wageni wawili watoe kwenye orodha.

Kiomoni_2

Yupo Juni, yupo Agosti, yupo na sasa. Na hakuna kinachodondoka.

TelekaMweusi

Basi kesi imekwisha.

MwanaPopo

Niingie kwenye swali la pili, maana watu wengi hudhani sauti ya popo ni ngao. Si ngao, ni kama tochi, na tochi inamulika mbele. Popo mla wadudu anapiga mlio kuelekea anakokwenda, na mdudu mdogo anamsikia akiwa mita chache tu. Adui anayekuja kutoka nyuma yuko nje ya tochi hiyo. Tena msafara unapotoka pangoni popo ni wengi, milio inapishana, na kila mmoja anashughulika asimgonge wa mbele yake.

Mwewe kwa upande wake hana sauti ya kupimia chochote. Anaona tu. Jicho kubwa lile linakusanya mwanga mdogo uliobaki, na popo dhidi ya anga la magharibi ni kidoa cheusi kwenye karatasi. Ndiyo maana huwakuta sehemu za wazi: juu ya mto, mdomoni mwa pango, juu ya uwanja, kwenye taa za mji. Popo akishaingia katikati ya miti, mwewe hamfuati. Mwili wa mita moja wa mabawa hauwezi kona za vichakani.

Kisha si popo wote wana hatari sawa. Wenye mikia huru, wale wanaokaa kwenye mapaa ya mabati na kunuka dari nzima, wana mabawa membamba, huruka juu, kwa kasi, sehemu za wazi, na hutoka mapema. Hao ndio mboga yake. Popo wa pua za majani, Hipposideros, wadogo wao wana gramu 8 hadi 10, huchelewa kutoka na huruka chini karibu na majani. Kuwapata ni kazi. Popo wa matunda wa mapangoni, Rousettus aegyptiacus, wengi wao huvuka gramu 100, hao ni wakubwa kwake. Na wale wa matunda wakubwa wanaolala mitini kwa makundi, Eidolon helvum, wenye zaidi ya gramu 200, usiwahesabu kabisa.

Mtu atauliza: kwa nini popo wasisubiri giza totoro ndipo watoke? Kwa sababu wadudu wenyewe, mbu na wenzake, hujaa angani magharibi kisha hupungua. Anayechelewa anaokoa shingo lakini analala na njaa. Wao huchagua kutoka kwa wingi kwa mpigo mmoja, ili mwewe akishika watano, maelfu wapite. Mbalamwezi ikiwa kubwa mwewe anaweza kuendelea kuwinda baada ya isha, na alfajiri popo wakirudi anapata nafasi ya pili. Halafu si popo tu: mbayuwayu na teleka wanaochelewa kurudi, na wadudu wakubwa, wote wanaingia kinywani. Kule Borneo, kwenye mapango makubwa kama Gomantong, teleka wanaoingia jioni hupishana mlangoni na popo wanaotoka, naye yuko hapohapo juu.

Na kabla mtu hajaanza: hapana, hana uhusiano na popobawa, lile zimwi la hadithi za Unguja na Pemba.

BintiChumbageni

Hahaha, nilikuwa nasubiri hilo. Haya, kuhusu vifaranga.

Angalieni ratiba kwanza. Kifaranga anaibwa saa tatu asubuhi, saa tano, saa tisa mchana. Mwewe wa popo saa hizo amelala kwenye majani mazito, kichwa mabegani. Anaamka kuku wakiwa wameshapanda bandani. Pili, huyu hukamata kinachoruka hewani. Kushuka chini kunyakua kitu ardhini, kwenye vumbi la uani, si tabia yake. Tatu, ile miguu myembamba aliyoieleza kaka Darubini.

Wezi wenu wanajulikana. Wa kwanza ni mwewe mwenyewe yule wa mdomo wa njano na mkia wenye panda, anayezunguka juu ya mtaa mchana kweupe. Wa pili ni kunguru wa Zanzibar, yule mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa kutoka Bara Hindi. Watu humsahau kwa sababu wamemzoea, ila kifaranga wa wiki ya kwanza ni wake. Wa tatu hujificha mtini na kutokea kwa kushtukiza, kipanga mdogo wa msituni. Dawa ya wote ni tenga: vifaranga wakae chini ya tenga na mama yao mpaka wawe na wiki sita hadi nane. Kukata mbuyu hakutamzuia hata mmoja kati ya hao.

Ukitaka ushahidi wa kuwaonyesha wazee wa mtaa, chini ya mbuyu pale kwenye vinyesi vyeupe tafuta vidonge anavyovitapika huyo wa mbuyuni, vya ukubwa wa kidole gumba hivi. Usiviokote kwa mkono mtupu. Tumia kijiti au mfuko wa plastiki uliougeuza nje ndani. Loweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, tia matone ya sabuni, acha dakika 20, kisha chambua polepole kwa vijiti viwili. Utakachokuta ni manyoya laini ya popo, mifupa myembamba kama uzi ya mabawa, vimeno, na pengine maganda ya mbawakawa. Ukikuta mafuvu mazima ya panya, huyo wa mbuyuni ni bundi, kwa sababu mwewe tumbo lake huyeyusha mifupa zaidi kuliko la bundi. Manyoya ya kuku yakikosekana kwenye vidonge kumi, mjadala ufungwe.

Lingine la kuwaambia: hutaga yai moja tu kwa kawaida, hulilalia kama wiki saba, na mti huohuo hurudiwa miaka na miaka. Tago hujengwa juu, kwenye panda ya tawi nene lililotoka kando, mara nyingi katika mti mrefu wa gome jeupe: mbuyu, mkaratusi. Tawi hilo likikatwa kinda likiwemo, mwaka mzima wa uzazi umekwenda. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kwa kawaida haimruhusu mtu kuua ndege wa porini bila kibali.

Kiomoni_2

Asante sana dada. Hilo la vidonge kumi nalipenda, wazee wanataka kitu cha kushika. Bado la kumtazama.

DarubiniYaPwani

Nilifanye refu kidogo, maana hapa ndipo watu hupoteza jioni zao.

Saa kwanza. Tanga jua huzama mapema zaidi mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, kama saa 12:15 jioni, na huchelewa zaidi mwanzoni mwa Februari, kama saa 12:45. Miezi ya kipupwe, Juni hivi, ni saa 12:20. Kwa hiyo ukienda kila siku saa moja kasoro robo kwa mazoea, Novemba utakuta sherehe imekwisha. Tumia adhana ya magharibi kama saa yako. Mwewe hutokea karibu na adhana au dakika chache baadaye, kazi yake kubwa ni dakika 20 zinazofuata, na hapa kwetu karibu na ikweta huo ndio muda wote wa mwanga wa jioni. Uwe umeketi nusu saa kabla.

Mahali. Kosa kubwa ni kusimama mbele ya mdomo wa pango ukitazama ndani. Ndani ni giza na miamba, hutaona kitu, na popo wakikukuta mlangoni hubadilisha njia au huchelewa. Rudi nyuma mita 30 au zaidi, ukae upande wa mashariki wa njia wanayopita, uso wako ukielekea magharibi. Popo hutoka chini chini kwanza, kisha hupanda juu ya vilele vya miti na kutawanyika. Pale wanapotawanyika, palipo wazi, ndipo anapowakatia. Weka macho hapo na uache kabisa kuwafuata popo.

Kifaa. Darubini ndogo ya mfukoni ya 10x25 ni nzuri mchana, magharibi ni kipofu. Gawanya namba ya pili (upana wa kioo cha mbele) kwa ya kwanza (ukuzaji): 25 kwa 10 ni 2.5, huo ni upana kwa milimita wa mwanga unaokufikia jichoni. 8x42 inakupa 5.25, na 7x50, ile ya mabaharia, inakupa 7.1. Mboni ya kijana gizani hufunguka kama milimita 7, ya mtu mzima ni pungufu, kwa hiyo 8x42 inatosha wengi na ni nyepesi shingoni. Kabla jua halijazama, lenga kilele cha mti kilicho umbali uleule, rekebisha mpaka kionekane vizuri, kisha usiliguse tena lile gurudumu. Mtafute kwa macho matupu; darubini inyanyuliwe akishageuka kupanda.

Mkiwa wawili ni bora: mmoja anatazama na kusema, mwingine anaandika. Andikeni saa ya popo wa kwanza, saa ya mwewe wa kwanza, kisha kila shambulio, amepata au amekosa. Amepata: miguu inatoka mbele, kichwa kinainama, mapigo ya mabawa yanasimama, anateleza kidogo. Amekosa: anageuka palepale na kupanda tena bila kuinama. Jioni tano za namna hiyo zitakueleza zaidi kuliko video nzuri moja.

Yanayoharibu: tochi nyeupe, hata ya simu, ikimulika mlangoni. Funga karatasi nyekundu ya plastiki kwenye tochi na uimulike chini. Moshi. Mvua ya masika ikinyesha magharibi, popo hungoja. Mvua ikikatika hutoka kwa fujo, lakini mara nyingi mwanga umeshakwenda na mwewe pia. Na asipotokea jioni moja usikate tamaa, ana sehemu zaidi ya moja: leo pango, kesho juu ya mto, keshokutwa taa za mjini.

MwanaPopo

Niongeze la afya, fupi. Kumtazama mwewe hakuhitaji kuingia pangoni, basi usiingie jioni. Rousettus ndio wanaohusishwa na virusi vya Marburg, na vumbi la mavi ya popo lina kuvu wanaoumiza mapafu. Popo aliyeanguka usimshike kwa mkono hata kama yu hai na anatia huruma. Na kwa kuwa utaondoka gizani, panga mapema na ofisi ya mapangoni pamoja na mwongoza wageni. Njia ya kurudi ina mizizi na mawe, na watu wa pale wanataka kujua nani yuko ndani ya eneo usiku.

Raskazone_Lenzi

Kwa wenye kamera: msilazimishe picha ya manyoya, haipo. Pima mwanga wa anga la magharibi, mwewe awe kivuli cheusi. Anzia ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 6400, lenzi iwe wazi hadi mwisho, kasi isishuke chini ya 1/500 ya sekunde, la sivyo mabawa yatakuwa ukungu. Zima kulenga kwa otomatiki, maana lenzi itazunguka kutafuta kitu mpaka isha iadhiniwe. Lenga kilele cha mti kwa mkono, kama darubini. Mwenye simu apige video, aiegemeze kwenye jiwe, aelekeze pale popo wanapotawanyika na aiache. Nyumbani ukiipitisha fremu moja moja utamwona akinyoosha miguu, na ukihesabu fremu tangu kucha zinapofunga hadi kichwa kinapoinuka, utajua kamchukua sekunde ngapi kummeza. Kama simu inarekodi fremu 30 kwa sekunde, gawanya kwa 30.